Biodizeli ya karai: kupunguza moto na methanoli katika karakana ya Mombasa

Biodizeli ni mafuta ya injini ya dizeli yanayopatikana kwa kukoroga mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika na methanoli, aina ya alkoholi, pamoja na kichocheo kinachoharakisha kazi; chini hubaki glisarini, uji mzito. Muulize mtengenezaji mdogo wa biodizeli nishati yake inaishia wapi. Atakuonyesha hita, halafu pampu, halafu mita ya tokeni. Hayo ni makombo. Mzigo wenyewe umo ndani ya methanoli. Lita moja ya methanoli imebeba takriban megajuli 15.8 za nishati, yaani karibu uniti 4.4 za stima, na hapo hatujahesabu gesi asilia iliyoteketezwa ng'ambo kuitengeneza. Kiwanda huivunja gesi kuwa kaboni monoksaidi na haidrojeni, kisha huziunganisha upya juu ya kichocheo cha shaba kwa nyuzi 200 hadi 300 na shinikizo la angahewa 50 hadi 100. Ndipo ipakiwe melini ije Kilindini.

Linganisha na moto wako. Kupasha lita 100 za mafuta machafu kutoka nyuzi 28 hadi 55 kunahitaji takriban uniti 1.4. Pampu ya nusu farasi ikizunguka saa nzima haifiki hata nusu uniti. Sasa chukua glisarini ya bechi hiyo hiyo, ikiwa bado na lita tano za methanoli ndani yake, uimwage nyuma ya karakana: umemwaga uniti 22. Kwa hiyo mwongozo huu haufuati mpangilio wa kawaida wa kununua hita bora kwanza. Unaanza penye uvujaji mkubwa, na vifaa vinakuja baadaye.

Hesabu zote ni za bechi ya lita 100. Mwenye pipa dogo au kubwa apandishe au ashushe kwa uwiano.

Hesabu unayopaswa kuijua kichwani

Lita 100 za mafuta ya kupikia hula takriban lita 12.5 za methanoli kugeuka biodizeli. Hicho ndicho kinachoingia ndani ya mafuta yenyewe, na huwezi kushuka chini yake hata ufanye nini. Lakini mmenyuko huu hurudi nyuma kwa urahisi, hivyo lazima uweke ziada ili kuusukuma mbele. Wengi huweka lita 20 hadi 25. Ziada hiyo ya lita 8 hadi 12 haipotei wakati wa kukoroga. Sehemu kubwa inashuka na glisarini, nyingine inabaki kwenye biodizeli, na nyingine inapaa hewani kama chombo kiko wazi.

Basi kuna njia tatu za kuokoa: kuweka ziada ndogo, kuitumia ziada mara ya pili bila kuichemsha, na kuichemsha ili uikusanye. Nimezipanga kwa urahisi wake. Ya tatu ndiyo watu huianza kwanza kwa sababu mtambo wa kukeneka unapendeza kuutazama, na mimi naona ndiyo inayopaswa kuwa ya mwisho.

Kabla ya yote: mvuke

Methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7, lakini huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 11. Mombasa haijawahi kuwa na siku ya nyuzi 11. Maana yake ni kwamba hapa kwetu, mchana na usiku, kaskazi na kusi, methanoli iliyo wazi ina mvuke unaowaka. Kuna jambo baya zaidi. Mvuke wake hulipuka ukiwa kati ya asilimia 6 na 36 ya hewa. Kwa joto la nyuzi 30, hewa iliyo juu ya methanoli ndani ya pipa lililofungwa huwa na mvuke wa karibu asilimia 20. Pipa nusu tupu katika joto hilo liko katikati kabisa ya eneo la mlipuko.

Kwa hiyo hakuna jiko la makaa, hakuna mtungi wa gesi, hakuna sigara, hakuna kuchomelea vyuma karibu. Hita na swichi zisiwe mahali ambapo mvuke unaweza kukaa. Mvuke huu ni mzito kidogo kuliko hewa na hutambaa chini. Ndimi za moto wa methanoli mchana hazionekani vizuri, unaweza kuuingia kabla hujauona. Fanya kazi chini ya paa lililo wazi pande zote, upepo wa bahari upite. Weka kizima moto cha poda au cha povu la kuzimia alkoholi, na maji ya kutosha ya kujimwagia mtu akirukiwa.

Jingine ni kunywa. Methanoli iliyokenekwa ni nyeupe kama maji na inanukia kama spiriti. Kiasi cha mililita 10 kinaweza kupofusha, na mililita 30 zinaweza kuua. Kenya ilizika watu wengi Mei 2014 kwa pombe iliyotiwa methanoli. Dumu la methanoli usilihifadhi katika chupa ya maji wala ya soda, liandike SUMU kwa herufi kubwa, na ufunguo ukae na mtu mmoja.

Kuhusu karatasi: kuuza mafuta ya gari ni jambo la EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, maji machafu na glisarini ni jambo la NEMA, mamlaka ya mazingira, na kaunti ina idara yake ya zimamoto. Nenda huko kabla hujaweka pipa la pili.

Hatua ya kwanza: nunua mafuta mazuri, uyakaushe bila kuyachemsha

Nishati nyingi huokolewa sokoni. Mafuta ya mwuza viazi karai anayeyaongezea juu kwa juu wiki nzima huwa meusi, yana asidi nyingi na maji. Mafuta ya jikoni la hoteli ya Nyali au Bamburi hubadilishwa mapema na huwa mepesi. Mafuta mabovu yanahitaji kichocheo zaidi, yanatoa sabuni zaidi, yanakula methanoli zaidi, kisha yanakupa biodizeli kidogo. Shilingi chache za ziada kwa dumu safi hurudi mara kadhaa. Ramadhani ndiyo msimu wako: katlesi, sambusa, bhajia na kaimati zinakaangwa kila mtaa kuanzia alasiri, na mafuta yanabadilishwa haraka kwa sababu biashara inakwenda. Jaza mapipa wakati huo.

Ujue pia kwamba si peke yako unayeyatafuta. Kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta Makueni mwaka 2022, na mwaka huo huo shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea ikaondoka bandari ya Mombasa kwenda kiwanda chake cha Gela. Mafuta yaliyokwishakaangiwa nayo yana wanunuzi wakubwa siku hizi. Anayekuuzia leo weka naye mapatano, umpe na dumu lenye mfuniko.

Sasa kukausha. Mazoea ni kuyachemsha mafuta hadi nyuzi 120 mpaka yaache kulia. Hesabu yake: kutoka 28 hadi 120 ni takriban uniti 4.7, zaidi ya mara tatu ya joto unalohitaji kwa mmenyuko wenyewe. Na ukishafika huko huwezi kutia methanoli, lazima usubiri yapoe hadi 55. Joto lote hilo unalipa kisha unalipeperusha uani.

Fanya hivi badala yake. Chuja makombo ya unga kwa kitambaa mafuta yakiwa ya vuguvugu. Yaweke kwenye pipa refu lililopakwa rangi nyeusi, lenye valvu chini kabisa, mahali penye jua tangu asubuhi. Yakifika nyuzi 40 hadi 45 yanakuwa mepesi, na maji pamoja na tope hushuka yenyewe. Yaache siku mbili, tatu yakiwezekana. Fungua valvu ya chini polepole, toa maji na uchafu mpaka yaanze kutoka mafuta mangavu. Usiyatikise.

Kujua kama yamekauka, pasha kijiko kimoja kwenye kikaango kidogo, mbali na karakana. Yakipasuka-pasuka, maji bado yamo. Yakinyamaza, endelea. Wakati wa masika, jua likiwa la kubahatisha, ongeza siku za kutuama kabla hujafikiria kuongeza moto. Wanaopuliza hewa ndani ya mafuta ili kuyakausha wafanye hivyo saa sita au saa saba mchana, kwa sababu hewa ya alfajiri ya pwani imebeba unyevu tele na huenda ikaurudisha.

Hatua ya pili: pima uchachu

Pasipo kipimo utatia kichocheo kwa kubahatisha, na kichocheo kikizidi kinakuwa sabuni. Sabuni hushika methanoli na biodizeli, ikufanye uoshe na kupasha tena.

Kichocheo chetu ni potasiamu haidroksaidi, yaani KOH. Yeyusha gramu 1 yake katika lita 1 ya maji ya betri (maji, si asidi). Chukua mililita 10 za isopropanoli, alkoholi nyingine, tia matone ya rangi ya kipimo. Dawa ya maabara iitwayo fenolifthaleini ndiyo bora, lakini manjano ya jikoni yaliyolowekwa kwenye isopropanoli na kuchujwa yanafanya kazi: hubadilika kutoka njano kuwa wekundu wa kahawia. Kwanza dondosha maji ya KOH kwenye isopropanoli tupu mpaka rangi ianze kubadilika, ili uondoe uchachu wake yenyewe. Kisha tia mililita 1 ya mafuta yako, koroga, endelea kudondosha ukihesabu mililita mpaka rangi ibadilike na ikae nusu dakika. Idadi ya mililita ndiyo gramu za KOH za nyongeza kwa kila lita ya mafuta.

Kanuni ni hii: gramu 7 jumlisha namba ya kipimo, kisha gawa kwa 0.9 kwa sababu KOH ya dukani huwa na usafi wa karibu asilimia 90. Mafuta yaliyopima 3 yanataka gramu 11.1 kwa lita, yaani kilo 1.1 kwa pipa la lita 100. Yakipima zaidi ya 5 au 6, usijitaabishe kuyatibu kwa asidi ya salfa. Njia hiyo hula methanoli na muda. Yachanganye na mafuta mazuri mpaka namba ishuke.

Kwa nini KOH na si kostiki soda ya kawaida, ambayo bei yake ni nafuu zaidi? Kwa sababu glisarini ya KOH hubaki maji maji hata ikipoa. Ya kostiki soda huganda na kukulazimisha kupasha pipa upya ili tu uitoe. KOH pia huyeyuka haraka kwenye methanoli. Ubaya wake ni kwamba hunywa unyevu wa hewa papo hapo, na hewa ya Mombasa ina mwingi wa kuinywesha. Pima haraka, funga ndoo mara moja.

Hatua ya tatu: glisarini ya jana

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii, na haihitaji kifaa kipya hata kimoja.

Glisarini iliyotoka bechi iliyopita ina methanoli na kichocheo ambacho hakijafanya kazi. Itie yote katika mafuta mapya yaliyopashwa nyuzi 50 hadi 55, koroga kwa saa moja chombo kikiwa kimefungwa, kisha acha itulie usiku kucha. Yatatokea mambo matatu. Kichocheo kilichobaki kinaua asidi za mafuta mapya, na sabuni inayotengenezwa inashuka na glisarini. Glisarini inayapenda maji kuliko mafuta, kwa hiyo inayavuta na kuyakausha mafuta bila moto. Na sehemu ya methanoli inahamia kwenye mafuta mapya, nyingine inaanza mmenyuko pale pale.

Asubuhi toa glisarini chini. Pima uchachu tena. Mafuta yaliyokuwa 3 mara nyingi hushuka karibu na sifuri, na hapo unaokoa gramu mia tatu hivi za KOH kwa pipa. Methanoli iliyohamia ndiyo unayoipunguza katika hatua inayofuata.

Tahadhari moja: mafuta haya sasa yana methanoli ndani. Usiyapashe kwenye chombo kilicho wazi, na usirudie kipimo cha kikaango.

Hatua ya nne: tia methanoli mara mbili, si mara moja

Ukitia methanoli yote kwa mpigo, glisarini inayozaliwa mwanzoni inabaki ndani ya pipa ikiuvuta mmenyuko nyuma, na wewe unaongeza ziada ili kushindana nayo. Itoe katikati ya safari, uone ziada inavyopungua.

Kwa lita 100 anza na lita 20. Yeyusha KOH kwenye methanoli ndani ya dumu gumu la plastiki lenye mfuniko, kidogo kidogo. Linajipasha lenyewe, litumie lingali na joto. Aluminiamu na mabati ni marufuku hapa, kichocheo huyala na kutoa haidrojeni. Gawa mchanganyiko: sehemu nne kwa tano sasa, moja kwa tano baadaye. Tia sehemu ya kwanza kwenye mafuta ya nyuzi 55, zungusha dakika 45, zima pampu, acha itulie saa moja, toa glisarini. Tia iliyobaki, zungusha dakika 30 hadi 45. Pipa likiwa limevikwa vizuri hutapasha tena katikati.

Nyuzi 55 zinatosha. Wanaopandisha hadi 63 wanapata haraka kidogo na wanapoteza mvuke mwingi, maana wako ukingoni mwa kuchemka. Vilevile usizungushe pampu saa tatu kwa wasiwasi. Kazi kubwa hufanyika nusu saa ya mwanzo. Baada ya hapo kinachosaidia ni kutoa glisarini, si kuendelea kukoroga.

Kujua kama umemaliza: chukua mililita 3 za biodizeli iliyotulia, tia katika mililita 27 za methanoli safi, tikisa. Ikiyeyuka yote, mafuta yamegeuka. Ikishuka tone chini, bado yamo. Kipimo hiki kimetungwa kwa nyuzi 20 hivi. Ukikifanya mezani Mombasa kwa nyuzi 30, joto litayeyusha mafuta ambayo hayajageuka na utadanganywa. Weka chupa ndani ya maji ya barafu kidogo, usome kipimajoto, kisha ndipo utazame.

Ukifaulu bechi tatu mfululizo kwa lita 20, shuka hadi 19, kisha 18. Kila mara pima. Kwa mafuta yaliyopitia glisarini ya jana, lita 17 au 18 hufanya kazi vizuri. Siku itakaposhuka tone, rudi lita moja juu na ukae hapo.

Hatua ya tano: vika pipa, tumia jua

Pipa la chuma la lita 200 lisilovikwa, likiwa na nyuzi 55 ndani na 29 nje, hupoteza karibu nusu kilowati muda wote. Saa tatu za kazi ni uniti moja na nusu, sawa na joto lote ulilotia kupasha mafuta.

Dawa iko shambani: makumbi ya nazi. Usumba uliochambuliwa na kushindiliwa unene wa sentimita 5 kuzunguka pipa hupunguza upotevu huo hadi karibu sehemu moja kwa kumi. Lakini usumba ulionyonya methanoli ni utambi. Funika kwa mabati yaliyokunjwa vizuri, ziba viungo, na uache sehemu za valvu na pampu wazi ili uvujaji uonekane. Mfuniko nao uvikwe, joto hupanda.

Joto lenyewe lipate juu ya dari. Jua la Mombasa hutoa karibu uniti 5 kwa mita mraba kwa siku. Sahani ya kupashia maji ya mita mraba 2, hata ikishika nusu tu ya hilo, inakupa uniti 5: joto la bechi tatu. Zungusha maji, si mafuta na katu si methanoli, kati ya sahani na koili iliyo ndani ya pipa. Asiye na uwezo wa sahani akunje bomba jeusi la plastiki juu ya paa la mabati. Siku ya jua kali maji yatafika nyuzi 45 au 50 na hita ya stima itamalizia hatua chache tu. Kusi linapoleta mawingu utaitegemea hita zaidi, hilo halina ujanja.

Hatua ya sita: kukeneka methanoli

Sasa ndipo mtambo unapokuwa na maana, na ni kwa anayefanya bechi kadhaa kwa wiki. Anayefanya moja abaki na hatua ya tatu.

Kosa la kwanza la kuepuka ni kuchemsha mchanganyiko mzima kabla ya kutenga glisarini. Kichocheo bado kiko hai, na ukiondoa methanoli mmenyuko unarudi nyuma: biodizeli inaanza kuwa mafuta tena. Tena unapasha zaidi ya kilo mia ya vitu ili upate kilo chache. Tenga kwanza, kisha chemsha glisarini peke yake.

Kwa lita 6 za methanoli, yaani kilo 4.7, joto la kuivukisha ni megajuli 5.2, uniti 1.4. Ongeza la kupasha glisarini yenyewe, uwe tayari kutumia uniti 2 na ushee. Unapata methanoli yenye uniti 26. Hakuna kifaa kingine katika karakana kinacholipa hivyo.

Na hilo la kuivukisha hupotezi. Mvuke ukigeuka maji hulirudisha lote. Wengi huupoza kwa maji ya mfereji, na mji wetu hauna maji ya kuchezea. Upoze kwa mafuta ya bechi inayofuata: pitisha bomba la mvuke katika koili ya chuma cha stenlesi iliyozama kwenye pipa la mafuta baridi. Megajuli 5.2 zinazotoka ni zaidi kidogo ya megajuli 5 zinazohitajika kupasha lita 100 kutoka 28 hadi 55. Karatasini zinatosheleza, kwa kweli ukipata nusu yake ndani ya mafuta, hita yako imepumzika nusu ya siku. Mafuta yakianza kuwa moto koili haitaweza tena kushika mvuke wote, kwa hiyo weka ya pili ndogo mbele yake, katika ndoo ya maji.

Njia ya mvuke isiwe na valvu wala mahali panapoweza kuziba. Chombo cha kupokelea kifunikwe, chenye bomba jembamba la kupumulia linalopanda juu ya paa. Ukitaka kutumia pampu ya kunyonya hewa, methanoli itachemka kwa nyuzi 40 tu shinikizo likishuka hadi karibu theluthi moja ya angahewa, na hapo jua peke yake latosha. Ila pipa la kawaida litajikunja na kupasuka. Jambo hilo ni la mwenye chombo kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Acha kukeneka matone yanapolegea na glisarini ikikaribia nyuzi 100. Lita ya mwisho hugharimu moto wa lita tatu za mwanzo, na glisarini yenye sabuni huanza kufura povu. Iliyobaki ipeleke hatua ya tatu.

Methanoli iliyopatikana ipime kwa haidromita kabla ya kuitumia. Vitabu vinasema uzito wake ni kilo 0.791 kwa lita, lakini hiyo ni kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 methanoli safi husoma 0.782. Ukisoma 0.79 katika joto letu, hiyo ina maji ya asilimia 3 hivi, na maji ni sabuni ya kesho. Ichanganye na mpya kidogo kidogo katika mgao wa kwanza, na mgao wa pili uwe wa methanoli safi kabisa.

Kuosha

Kwa ufupi: kama umefuata hatua ya tatu na ya nne, sabuni itakuwa kidogo. Iache biodizeli itulie siku mbili, sehemu kubwa itashuka. Iliyobaki pitisha polepole kwenye mnara wa maranda makavu ya mbao, methanoli ikiwa imeshatolewa. Ukiosha kwa maji tumia ya mvua. Ya visima vya kisiwani mengi yana chumvi, na chumvi ya chokaa hugeuza sabuni kuwa utando. Maji ya kuoshea yana methanoli, hayafai kumwagwa mtaroni yaishie baharini, Tudor au Makupa.

Maranda yaliyolowa sabuni na biodizeli yanaweza kujipasha na kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yatandaze nje yakauke.

Daftari

Kwa kila bechi andika mistari minne: lita za mafuta na namba ya uchachu, lita za methanoli mpya iliyoingia, uniti za mita kabla na baada, lita za biodizeli iliyofaulu kipimo. Gawa methanoli mpya kwa biodizeli. Ukianza utaona 0.22 au zaidi. Karakana inayorudisha methanoli yake inapaswa kukaribia 0.15. Uniti za stima zikigawanywa kwa biodizeli zinapaswa kuwa chini ya 0.05 msimu wa kaskazi.

Namba ya methanoli ikipanda ghafla, tafuta kwanza mafuta yaliyobadilika au mfuniko unaovuja. Ya stima ikipanda, shika pipa kwa kiganja kuzunguka pande zote: palipo na joto, usumba umeporomoka. Na biodizeli ikipungua huku mengine yametulia, rudi kwenye ndoo ya KOH uangalie kama imeanza kulowana.